Mfuko wa Vikorokoro

Mfuko wenyewe ulikuwa wa kaki, kama ile ya kufungia mikate dukani, na mdomo wake ulibanwa kwa pini mbili. Mwalimu wetu wa usanifu wa mitambo alipita akitugawia mmoja mmoja, akatukataza kufungua mpaka kila mtu apate wake. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plaiwudi, spoku nne za baiskeli, ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari, springi mbili, vifuniko vinne vya chupa, uzi wa nailoni, misumari na skurubu za kuhesabika, na mota ndogo iliyotolewa kwenye redio ya kaseti iliyokwisha kufa. Tulikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo. Tulipewa wiki nne. Mwishoni mwa wiki hizo mashine zetu zingekutanishwa mbili mbili juu ya meza yenye mwinuko katikati, kila upande gololi 20, na ambaye upande wake ungebaki na gololi chache baada ya sekunde 60 ndiye mshindi. Kitu chochote cha nje ya mfuko kilikuwa marufuku, isipokuwa gundi na betri.

Milinganyo mingi niliyoikariri kwa ajili ya mitihani ya mwaka ule imenitoka. Mfuko ule haujanitoka, na kila nikikaa kuufikiria naona kitu ambacho sikukiona mara ya mwisho.

Baadaye sana nilikuja kujua ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika chuo cha MIT kule Massachusetts, Marekani, mwalimu kijana aitwaye Woodie Flowers alishika somo la utangulizi wa usanifu. Pale chuoni idara huitwa kwa namba, na uhandisi wa mitambo ni namba 2, kwa hiyo somo lile lilijulikana kama 2.70, siku hizi ni 2.007. Flowers aliligeuza somo hilo. Kila mwanafunzi alipewa furushi la vitu mchanganyiko, sawasawa na la jirani yake, akaambiwa ajenge mashine ya kutenda kazi fulani, na mwisho wa muhula mashine zikapambanishwa mbele ya watu. Ukumbi ukawa unajaa kama uwanja wa mpira. Televisheni ya umma ya Marekani ikaja na kamera zake. Vijana waliokuwa wamesifiwa maisha yao yote kwa kukokotoa wakajikuta wanashangiliwa, au wananyamaziwa, kwa sababu ya kitu walichokichonga kwa mikono yao.

Flowers alizaliwa mwaka 1943 huko Jena, mji mdogo wa Louisiana, na baba yake alikuwa mchomeleaji vyuma. Nadhani hilo lina uzito wake. Mtoto aliyekulia kando ya mtu anayeunganisha vyuma anajua tangu mapema kwamba mchoro si kitu, na kwamba chuma hakioni haya kumwumbua aliyekichora. Shahada yake ya uzamivu, mwaka 1973, ilihusu miguu ya bandia kwa watu waliokatwa juu ya goti.

Habari hiyo ya goti nimeitafakari mara nyingi. Mtu akitembea mwendo wake wa kawaida, mguu mmoja hukaa hewani kwa muda usiofika nusu sekunde. Ndani ya muda huo goti la bandia lazima likunjike ili vidole visigonge ardhi, kisha linyooke, kisha litulie kabla kisigino hakijatua. Likichelewa, mwenye mguu anaanguka. Likiwahi mno, linamtikisa mpaka kwenye nyonga. Na aliyelisanifu hayupo pale barabarani kulisaidia. Yuko ofisini kwake, au nyumbani anakula, na goti linajitegemea hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua kwa siku. Watu husema mashindano ya kubanwa na saa ni mchezo wa wanafunzi tu, kwamba uhandisi wa kweli huenda polepole, kwa miezi na miaka. Ni kweli kwamba goti zuri huchukua miaka kusanifiwa. Lakini likishavaliwa, linafanya mtihani wake katika nusu sekunde, na mtihani huo haurudiwi.

Ndiyo maana kanuni moja ya mwalimu wetu, ambayo wakati ule niliiona ya ukatili, leo naiona ndiyo kiini cha zoezi lote. Kipenga kikilia, unabonyeza swichi au unafyatua springi mara moja, kisha unafunga mikono mgongoni na kuangalia. Hakuna kugusa. Hakuna kusukuma kidogo kwa kidole. Hakuna kumweleza mwamuzi kwamba jana usiku ilikuwa inafanya kazi. Sekunde 60 za namna hiyo ni ndefu kuliko saa nzima ya mhadhara. Unakiona kitu ulichokitengeneza kimesimama peke yake, kama mtoto aliyevuka kizingiti, na kila ulichokisahau kukitia ndani yake kinaonekana.

Mashine yangu ilikuwa na mkono. Nasema hivyo kwa sababu mkono ule niliupenda. Niliutengeneza kwa spoku mbili zilizokunjwa, ukainuliwa na uzi uliopita juu ya makapi mawili ya vifuniko vya chupa na kuzungushwa na mota, na mwishoni mwake palikuwa na kijiko cha plaiwudi. Ungeshuka nyuma ya gololi zangu, uzikumbe, unyanyuke, uvuke mwinuko, uzimwage, urudi. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri mno. Fundi mkuu wa karakana, mzee aliyekuwa akitembea na tupa mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu, alisimama mezani kwangu katika wiki ya pili, akaangalia kimya kwa muda.

“Hii inafanya kazi ngapi?” akaniuliza.

“Tatu, fundi. Inakusanya, inavuka, halafu inarudi.”

“Una sekunde ngapi?”

“Sitini.”

“Basi mwanangu, chagua moja.”

Nilimshukuru kwa adabu zote. Sikuchagua.

Siku ya mashindano nilipangwa na binti mmoja wa darasa letu, mtu asiyesema sana. Mashine yake ilikuwa ubao mmoja mpana uliolala nyuma ya gololi zake zote 20, umevutwa nyuma kwa ule ukanda wa tyubu na kushikwa na kifyatulio kidogo cha spoku. Kipenga kilipolia aligusa kifyatulio. Ubao ulikwenda mbele kwa kishindo kimoja, ukazirusha gololi karibu zote upande wangu, kisha ukasimama wima juu ya mwinuko na kukaa hapo kama ukuta. Sekunde mbili hivi. Kazi moja ilikuwa imezaa ya pili bila yeye kuilipia: kilichopeleka gololi zake ndicho kilichozuia zangu zisirudi. Kwa upande wangu mkono ulianza kunyanyuka vizuri, na kwenye sekunde ya tisa uzi ukaruka nje ya mfereji wa kapi. Mkono ukabaki hewani. Sekunde 51 zilizosalia nilisimama nimefunga mikono mgongoni.

Nataka niseme wazi jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Nilikuwa najua. Tangu wiki ya pili uzi ulikuwa ukiruka, mara moja katika kila majaribio matano au sita, na kila uliporuka niliurudisha, nikanyoosha kapi kidogo, nikajiambia sasa umetulia. Nilikuwa na maarifa ya kutosha kujua kwamba kapi la kifuniko cha chupa halina mfereji wa kina cha kutosha kwa uzi unaovutwa kwa pembe. Nilichokosa ni uwezo wa kuliacha wazo zuri likiwa bado zuri, nianze na baya lenye kufanya kazi, kabla kalenda haijanifungia njia. Katika darasa la nadharia wazo halikudai uamuzi huo kamwe. Unaweza kulibeba mpaka mtihani na ukapata alama za njia hata jibu likikosewa. Saa pekee ndiyo inayomfikisha mtu mahali ambapo lazima aseme: hili naliacha.

Sisi tuliokulia katika lugha hii hatupaswi kuuona uamuzi huo kuwa mgeni. Mtunzi wa shairi hupewa mizani 16 kwa mstari, nane upande huu na nane upande ule, na vina vyake vya kati na vya mwisho. Kipande chenye mizani tisa, hata kama kimebeba maneno matamu kuliko yote aliyopata kuyawaza, hakiingii. Atakikata, au atakigeuza, au atakiacha. Malenga hasemi kwamba mizani imemnyima uhuru. Uzio wa mizani ndio unaomtofautisha na msemaji wa kawaida. Mfuko na saa ni mizani ya fundi. Yule binti alikuwa ametunga ubeti uliotimia. Mimi nilikuwa na tungo lenye maneno mazuri yaliyofurika nje ya mstari.

Mtu aliyeuelewa uzio huu kwa kina kuliko wengi alikuwa Masahiro Mori, profesa wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa insha yake ya mwaka 1970 kuhusu wasiwasi unaotushika tunapoona sanamu inayokaribia mno kufanana na binadamu. Mori aliandika pia kitabu kuhusu Ubuddha na roboti, na katika mashindano aliyoyaanzisha chuoni kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980 naona mkono wa mtu aliyezoea kufunga na kutafakari. Aliwapa wanafunzi betri mbili kavu, zile nene za tochi, akawataka watengeneze gari litakalombeba mtu mzima kwa nguvu ya betri hizo na si zaidi.

Betri zile tunazijua. Aliyekulia nyumba isiyo na umeme amewahi kuzianika juani zilipochoka, azitafute tena jioni kwa ajili ya redio. Kumbeba mtu kwa betri mbili za tochi? Akili ya kwanza inakataa. Lakini keti na kalamu. Nishati iliyomo ndani yake si haba. Shida ni kwamba betri haiitoi kwa mkupuo. Na mtu wa kilo 60 aliyekaa juu ya magurudumu magumu, yaliyonyooka, yenye beringi safi, kwenye sakafu tambarare, hahitaji kusukumwa kwa nguvu kubwa: inakaribia uzito wa nusu kilo ya sukari. Kwa hiyo swali la Mori halikuwa la injini hata kidogo. Lilikuwa swali la msuguano. Ekseli iliyopinda unene wa unywele, gurudumu lililokaa upande, fremu nzito kuliko inavyohitajika, kila kimoja kinakunywa sehemu ya umeme ule mdogo. Mwanafunzi aliyezoea kuongeza nguvu anapokwama alinyang'anywa tabia hiyo siku ya kwanza. Mwaka 1988 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilipoanzisha mashindano ya vyuo vya ufundi, ya kwanza yalikuwa mbio za magari ya betri kavu.

Kutoka hapo mambo yalikua. Mwaka 2002 umoja wa watangazaji wa Asia na Pasifiki, ABU, ulifungua mashindano ya kimataifa ya roboti, Robocon, jijini Tokyo, na Vietnam, ambayo wachache waliitazamia, ikaondoka na ushindi. Mapambano yake mara nyingi yamekuwa ya dakika tatu. Kinachonivutia ni kwamba nchi mwenyeji ndiyo hutunga kazi ya mwaka, na mara nyingi huitoa katika mila zake. India ilipokuwa mwenyeji mjini Pune mwaka 2008, kazi ilitokana na desturi ya vijana kupandiana mabegani kukifikia chungu cha maziwa mgando kilichoning'inizwa juu. Misri mwaka 2010, pale Cairo, iliwataka wanafunzi wajenge piramidi kwa roboti, na China ikashinda. Nimejiuliza sisi wa pwani tungetunga nini. Ningependa kuona mashine inayokwea mnazi, ikaangua madafu mawili na kuyashusha chini bila kuyapasua, katika dakika tatu. Mkwezi mzoefu angekaa meza ya waamuzi.

Nirudi kwa yule binti, kwa sababu kuna jambo limebaki. Kifyatulio chake, kile cha spoku kilichonishinda, kilisuguliwa kwa tupa yangu. Karakana ilikuwa na tupa laini tatu kwa darasa la watu zaidi ya 40. Ya nne nilikuwa nimeinunua mwenyewe, naye aliiazima kwa siku nne. Haikunijia akilini kumnyima. Na baada ya pambano alikuja mezani kwangu, akaugeuza mkono wangu huku na huku, akaniambia kwamba kama ningepitisha uzi kwenye jicho la msumari kabla haujafika kwenye kapi, usingeruka. Alikuwa sahihi. Nilijaribu jioni ile ile, na mkono ulivuka mwinuko mara kumi mfululizo.

Flowers alikuwa na jina la tabia hiyo, ambalo kwa Kiswahili ningeliita weledi wenye utu: shindana kwa nguvu zako zote, na usimdhalilishe unayeshindana naye. Aliusambaza msemo huo zaidi katika FIRST, shirika la mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Mwaka 1992, walipocheza kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya New Hampshire, timu zilikuwa 28. Leo timu hucheza dakika mbili na nusu hivi, tatu zikiungana dhidi ya tatu, na miungano ya awali hubadilika mchezo hadi mchezo, kwa hiyo unayemshinda saa nne unaweza kuwa mwenzako saa tano. Waliotunga utaratibu huo walijua wanachofanya. Kijana anayejua kwamba roboti ya mpinzani itakuwa upande wake baadaye anaazimisha spana bila kuhubiriwa. Flowers alifariki Oktoba 2019, na naamini kwamba kati ya kazi zake zote, somo hilo la weledi wenye utu ndilo litakalodumu kuliko zingine.

Sasa nina lalamiko, na nalitoa kwa uchungu. Katika miaka ya karibuni nimekaa mara kadhaa kwenye meza ya waamuzi katika mashindano ya wanafunzi wetu wa uhandisi. Mengi yanaitwa ya ubunifu. Mwanafunzi anapanda jukwaani amevaa suti, projekta inawashwa, anatueleza kwa dakika kumi jinsi mashine yake itakavyowakomboa wakulima, ina soko la watu wangapi na inahitaji mtaji kiasi gani. Mashine yenyewe iko mezani imefunikwa kitambaa, au iko kwenye picha. Mara moja niliomba iwashwe. Mratibu aliniambia kwa upole kwamba ratiba hairuhusu. Kijana yule aliondoka na zawadi, na sijui kama ile mashine imewahi kuzunguka. Tunawafundisha watoto wenye vipaji kwamba anayesema vizuri ameshatengeneza.

Upande wa pili wako wale wanaotengeneza kweli, na hao tunawaumiza kwa njia nyingine. Mashindano makubwa ya roboti yamekuwa ya vifaa vya kuagizwa: vihisi, mota maalumu, betri za bei. Chuo chenye mfadhili kinaleta roboti inayong'aa. Chuo cha mkoani kinasubiri boksi lililokwama forodhani. Timu ya pili ikishindwa, nani atasema imeshindwa kwa akili? Furushi la Flowers lilikuwa sawa kwa kila mtu, na betri za Mori zilikuwa mbili kwa kila mtu. Usawa ule ndio uliokifanya kipigo kiwe cha haki. Niliposhindwa na ule ubao sikuwa na kisingizio hata kimoja, kwa sababu mfuko wake ulikuwa mfuko wangu: spoku nne, springi mbili, tyubu ile ile. Alikiona ndani yake kitu ambacho mimi sikukiona.

Mwalimu wa chuo cha ufundi au cha uhandisi unayesoma haya, usingoje roboti. Usingoje mfadhili wala maabara mpya. Tafuta mifuko ya kaki kwa hesabu ya wanafunzi wako, na utie ndani ya kila mmoja vitu vile vile bila kumpendelea yeyote. Tunga kazi moja inayopimika kwa macho, waalike wazazi na mafundi wa mtaa waje kutazama, weka saa ya ukutani mahali ambapo kila mtu anaiona, na kipenga kikilia waambie wafunge mikono mgongoni. Spoku zipo kwa kila fundi baiskeli. Redio za kaseti zilizokufa bado zimejaa kwa mafundi redio, na kila moja ina mota ndani yake.